Mkali Ni Mbwa au Ni Mwenyewe?

Wengi wa wenzangu katika kurasa hizi wameandika juu ya mitihani, mapenzi na uongozi. Mimi nimechagua kuandika juu ya mbwa. Msicheke kwanza, nisomeni hadi mwisho, kisha mcheke mkitaka.

Sisi wanafunzi wa shule ya kutwa hatuna bweni. Alfajiri twaja kwa miguu na jioni twarudi kwa miguu, na njia zetu hupita kando ya malango ya watu. Karibu kila lango lina kibao cha bati kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: MBWA KALI. Walimu wetu wa Kiswahili wamelia na kibao hicho mpaka sauti zimewakauka. Neno mbwa, wanatukumbusha, limo katika ngeli ya A-WA, kwa hivyo yafaa tuandike Mbwa Mkali. Mimi sina ugomvi mkubwa na kosa hilo la sarufi. Hata mtoto wa shule ya msingi aweza kulisahihisha kwa kipande cha chaki. Ugomvi wangu ni na maana yake. Kibao chatuambia kwamba mbwa ni mkali, lakini hakituambii ni nani aliyemfanya awe mkali, wala ni nani atakayejibu siku akiuma mtu.

Hoja yangu ni hii: ukali mbaya wa mbwa wa lindo hauji kwa damu peke yake. Sehemu kubwa hutengenezwa na mwenye mbwa, na kwa sababu hiyo mwenye mbwa ndiye anayepaswa kubeba mzigo wake. Nitaitetea hoja hii kwa kutumia mbwa mmoja ambaye siku hizi anaogopwa kuliko wote mitaani mwetu, yaani yule aitwaye Rottweiler, ambaye sisi twamwita rotwaila.

Kwa wale ambao hawajamwona, rotwaila ni mbwa mweusi tititi, mwenye madoa ya rangi ya kahawia iliyokolea juu ya macho, mashavuni, kifuani na miguuni. Kichwa chake ni kipana na shingo yake ni nene. Dume akikomaa husimama kati ya sentimita 61 na 68 kutoka ardhini hadi mabegani, na uzani wake hufikia kilo 50 hivi. Mwenzangu anayetaka kujua kilo 50 ni nini na ainue mfuko mmoja wa simiti. Sasa fikiria mfuko huo una meno na unakimbia kukujia. Hofu yetu basi si ya bure.

Lakini je, mnyama huyu aliumbwa kwa ajili ya kula watu? La hasha! Historia yake yatwambia mengine kabisa.

Jina lake limetokana na mji wa Rottweil, ulioko kusini-magharibi mwa Ujerumani. Mji huo ni wa kale mno. Warumi waliujenga mnamo mwaka wa 73 baada ya Kristo, nao huhesabiwa kuwa mji mkongwe kuliko yote katika jimbo la Baden-Württemberg. Inasimuliwa kwamba majeshi ya Kirumi yalipovuka milima ya Alps yalikuja na ng'ombe wa kuliwa na askari njiani, kwani wakati huo hapakuwa na friji wala nyama ya mkebe. Ng'ombe hao waliswagwa na mbwa wenye nguvu. Mbwa hao wakabaki huko, wakachanganyika na mbwa wa wenyeji, na kizazi chao kikaendelea kufanya kazi ile ile ya kuswaga mifugo.

Karne zikapita. Rottweil ukawa mji wa soko la ng'ombe. Wenye bucha walitoka huko na huko kuja kununua, na kila mwenye bucha alikuwa na mbwa wake. Kazi ya mbwa huyo ilikuwa tatu. Ya kwanza, kuwaswaga ng'ombe barabarani bila kuwajeruhi. Ya pili, kukokota mkokoteni wenye nyama, maana mbwa huyu ana kifua cha punda. Ya tatu, kulinda mali ya mwenyewe. Husimuliwa kwamba mwenye bucha alipokwisha kuuza, alifunga mkoba wa fedha shingoni mwa mbwa, kisha akarudi nyumbani kwa starehe zake. Ni mwizi gani angethubutu kuunyosha mkono wake pale? Kwa sababu hiyo Wajerumani walimwita mbwa wa wenye bucha wa Rottweil.

Hebu tuzingatie jambo hili, wenzangu. Mbwa aswagaye ng'ombe mia sokoni hawezi kuwa mwendawazimu. Soko lina wanawake, watoto, wachuuzi, wapita njia na mbwa wengine. Mbwa ambaye angemrukia kila ampitaye angemtia bwana wake hasara siku ya kwanza. Yule wa Rottweil alitakiwa kuwa na nguvu, naam, lakini zaidi alitakiwa kuwa na akili ya kupambanua: huyu ni mteja, huyu ni mtoto, huyu ni mwizi. Kupambanua huko ndiko kulikokuwa kazi yenyewe.

Baadaye mambo yakageuka. Katika karne ya 19 reli ikaja, na kuswaga mifugo barabarani kukapigwa marufuku. Punda naye akachukua kazi ya mkokoteni. Mbwa wetu akakosa ajira, kama vile baba zetu wengi walivyokosa ajira viwanda vilipofungwa. Katika maonyesho ya mbwa yaliyofanywa mjini Heilbronn mwaka wa 1882 alionekana rotwaila mmoja tu, tena hakuwa wa kusifika. Yasemekana kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 mjini Rottweil kwenyewe alikuwa amebaki jike mmoja. Kidogo tu jina hili lingebaki vitabuni.

Kilichomwokoa ni kazi mpya. Polisi wa Ujerumani walikuwa wakitafuta mbwa wa kuwasaidia, na mnamo mwaka wa 1910 rotwaila akakubaliwa rasmi kuwa mbwa wa polisi. Mwaka wa 1921 chama kikuu cha wafugaji wa mbwa hawa nchini humo, ADRK, kikaundwa. Tangu hapo huko Ujerumani si kila mwenye dume na jike anayeruhusiwa na chama hicho kuzalisha. Mbwa hupigwa picha ya eksirei ya nyonga, kwa kuwa ugonjwa wa nyonga huwasumbua sana mbwa wa aina hii, kisha hupimwa tabia. Akionekana ni mwoga kupita kiasi, au ana hasira zisizo na sababu, hazalishwi. Maelezo rasmi ya aina hii yanataka mbwa mtulivu, mwenye kupenda watoto, mtiifu na mwenye hamu ya kazi. Nawasihi msome sentensi hiyo tena. Mwenye kupenda watoto! Hayo ndiyo maneno ya wale waliomlea tangu mwanzo.

Sasa mtaniuliza: kama ni hivyo, huyu anayetung'akia langoni ametoka wapi? Jibu ni kwamba binadamu amemharibu, na njia alizotumia zajulikana.

Njia ya kwanza ni fasheni. Mwaka wa 1976 ilitoka filamu ya kutisha iitwayo The Omen, na humo rotwaila walionyeshwa kama mbwa wa shetani. Ungedhani watu wangemkimbia. Wapi! Kila aliyetaka kuonekana mwanamume alitaka awe naye. Huko Marekani, ambako miaka ya sabini rotwaila walikuwa wachache, mwaka wa 1993 pekee waliandikishwa zaidi ya 100,000. Biashara ikinoga hivyo, nani atapima nyonga? Nani atapima tabia? Watoto wa mbwa walizalishwa na kuuzwa kama njugu, kwa watu ambao hawakuwahi kufuga hata kuku.

Matokeo yalikuja upesi. Mwaka wa 2000 jarida la madaktari wa mifugo wa Marekani lilichapisha uchunguzi wa vifo vilivyosababishwa na mbwa tangu 1979 hadi 1998. Katika vifo 238 ambavyo aina ya mbwa ilijulikana, rotwaila na mbwa wa jamii ya pitibuli walihusika katika zaidi ya nusu. Sitaki kuficha takwimu hii, kwa sababu mtu anayetetea hoja kwa kuficha ukweli ni wakili mbovu. Lakini uchunguzi huo huo ulionyesha pia kwamba aina zisizopungua 25 za mbwa zilihusika, na kwamba katika vifo 227 ambavyo habari zake zilikuwa kamili, 133 vilitokea katika boma la mwenye mbwa, mbwa akiwa hakufungwa wala kuzuiwa. Kwa hivyo mbwa mwenye nguvu aliyeachwa ovyo ni hatari. Nani aliyemwacha ovyo? Mbwa hana ufunguo wa lango.

Njia ya pili ni mnyororo, na hii ndiyo ya kwetu. Wengi wetu tumeiona. Mtu hununua kitoto cha rotwaila kikiwa na wiki sita. Hukifunga kwenye mti nyuma ya nyumba. Hakitembezwi, hakichezi na watoto, hakioni wageni. Ilhali wataalamu wa mbwa husema kwamba kati ya wiki ya 3 na wiki ya 12 hivi ndipo kitoto cha mbwa hujifunza nani ni rafiki na nini si cha kuogopa. Dirisha hilo likifungwa, kulifungua tena ni kazi ngumu. Wahenga hawakuhitaji maabara kulijua hili. Walisema samaki mkunje angali mbichi. Huyu wetu hakunjwi, hukaushwa juani kwenye mnyororo. Ati mwenyewe anasema, "Akizoea watu hatakuwa mkali." Kisha humtilia ugali wa jana kwenye sufuria na kumpiga teke akipita. Mbwa huyo hukua akiamini jambo moja tu, kwamba kila kiumbe chenye miguu miwili ni adui.

Niruhusuni nitoe mfano mmoja wa mtaani kwetu. Sitataja jina la mtu. Palikuwa na rotwaila aliyeitwa Simba, na kwa miaka mitatu Simba aliishi chini ya mpera, mnyororo wake ukiwa wa hatua nne. Twajua ni nne kwa sababu ardhi pale ilikuwa imechimbika duara, hakuna hata jani moja la nyasi. Siku moja mnyororo ulikatika, na lango lilikuwa wazi kwa kuwa gari lilikuwa likiingia. Msichana wa miaka tisa alikuwa akipita barabarani na jagi la maziwa aliyotumwa na mama yake. Simba alimwuma mkononi na pajani kabla ya watu kumwahi.

Jioni mama wa msichana alikwenda kwa mwenye mbwa. Alikwenda kwa heshima, akaketi alipoonyeshwa. Mzee yule alimsikiliza, kisha akasema, "Mama, kwani huyu mtoto hasomi? Kibao hakukiona?"

Mama yule akajibu, "Mzee, kibao kiko langoni kwako. Mtoto wangu alikuwa barabarani."

Hakukuwa na jibu. Hakukuwa na fidia pia. Nauli ya kwenda hospitali na gharama za sindano mama alizitafuta kwa majirani, na mama yangu alikuwa mmoja wa waliochanga. Simba aliuawa siku ya pili yake. Kabla mwezi haujaisha, kitoto kingine cha rotwaila kilikuwa chini ya mpera, na mnyororo ulikuwa ule ule, umeungwa kwa waya.

Hapo ndipo nilipoanza kukichukia kile kibao. Kwa watu wengi kibao si onyo, ni kisingizio. Mtu akishakitundika, hudhani amekwisha kumaliza wajibu wake, na kwamba atakayeumwa amejitakia. Mtoto asiyejua kusoma je? Ajuza asiyeona vizuri je? Na huyu aliyekuwa njiani, mali ya umma, alisome bati la mtu ili iweje?

Najua wapo watakaonipinga, na ningependa kuwajibu kwa adabu.

Wa kwanza watasema, "Wewe ni mtoto, hujui wezi. Wizi umezidi, na soja wa usiku anataka mshahara kila mwezi. Mbwa mpole ana faida gani?" Nawaelewa. Hata kwetu tumewahi kuibiwa, wakabeba mtungi wa gesi na nguo zilizoanikwa. Lakini mbwa wa lindo hahitaji kumtafuna mtu ili alinde. Kazi yake ya kwanza ni kubweka na kusimama imara. Mwizi hupenda kimya. Akisikia mngurumo wa mfuko ule wa simiti, mara nyingi hutafuta nyumba nyingine. Tena mbwa aliyefungwa nyuma ya nyumba usiku na mchana analinda nini? Analinda mpera. Mwizi huingia kwa mbele. Na mbwa anayembwekea kila mtu, mwuza mboga, msoma mita na mwanafunzi, huzoewa na majirani, na siku mwizi akija kweli hakuna atakayeinuka kitandani. Mbwa wa polisi ni mkali kuliko wa kwenu, lakini akiambiwa "wacha" huacha. Huo ndio ukali wenye faida. Ule mwingine ni wazimu uliofungwa mnyororo.

Wa pili watasema kinyume chake: "Kama ni hatari hivyo, rotwaila wote wapigwe marufuku." Hawa nao wana huzuni ya haki, hasa kama ni jamaa wa aliyeumwa. Lakini tukimpiga marufuku rotwaila, mzee yule atanunua mbwa wa aina nyingine mwenye meno yayo hayo na kumfunga kwenye mpera ule ule. Nchi nyingine zimejaribu njia ya katikati. Ireland, kwa mfano, kwa kanuni za mwaka wa 1998, iliamua kwamba rotwaila na mbwa wengine wenye nguvu wakiwa mahali pa umma lazima wafungwe mdomo, washikwe kwa kamba au mnyororo usiozidi mita 2, na mshikaji awe mtu aliyepita umri wa miaka 16. Kwa hesabu hiyo mimi mwenyewe singeruhusiwa kumshika, na sioni vibaya. Sheria yao haikumwambia mtoto asome kibao. Ilimwambia mwenye mbwa amshike mbwa wake.

Nasi Kenya hatukosi sheria, ila hatuzitumii. Sheria ya Adhabu, Sura ya 63, katika kifungu cha 243, yasema kwamba ni kosa kwa mtu kuzembea na kuacha kujihadhari na hatari iwezayo kuletwa na mnyama aliye mikononi mwake. Pia kuna Sura ya 360, inayokataza ukatili kwa wanyama. Kwa hivyo mtu anayemtesa mbwa kwa mnyororo, kisha mbwa huyo akamtesa jirani, anaweza kujikuta amegonga sheria mbili kwa mkono mmoja. Nani alimwambia mama yule mambo haya? Hakuna. Aliambiwa kuhusu kibao.

Lipo pia jambo la kichaa cha mbwa, nalo halina mzaha. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani husema kwamba karibu asilimia 99 ya wanaoupata huambukizwa na mbwa, na kwamba asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama washukiwao kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Yaani sisi na wadogo zetu. Serikali yetu iliweka mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu ulioanza mwaka wa 2014 na kulenga mwaka wa 2030, na nguzo yake kubwa ni kuchanja mbwa angalau 70 katika kila 100. Mwenye rotwaila aliyemnunua kwa maelfu ya shilingi kisha akakosa kumchanja kila mwaka, huyo hana lawama ya umaskini. Ana lawama ya kupuuza.

Basi nini kifanywe? Sipendi kuandika malalamiko matupu, kwa hivyo natoa mapendekezo yangu.

Kwa wenye mbwa: kabla hujanunua rotwaila, jiulize kama una ua mzima, lango linalofungika, chakula cha kutosha na saa moja kila siku ya kumtembeza na kumfunza. Kama huna, mwache. Wapo mbwa wadogo wanaobweka vizuri sana. Ukimnunua, mzoeshe watu angali mdogo, hasa watoto. Mfunze amri tano au sita na umfunze kwa chakula na sifa, si kwa rungu. Mjengee kibanda na kiwanja badala ya mnyororo. Mchanje. Na gari likiingia, mtu asimame langoni.

Kwa machifu na wazee wa mitaa: mbwa akiuma mtu, neno la kwanza lisiwe "kibao kilikuwepo?" Liwe "lango lilikuwa limefungwa?" na "cheti cha chanjo kiko wapi?" Maswali hayo mawili tu yangebadilisha mengi.

Kwa sisi wanafunzi: tuna makosa pia. Kuna wanaume wazima wa kidato cha kwanza na cha pili ambao burudani yao jioni ni kurusha mawe juu ya malango na kubweka ili mbwa wapande wazimu. Kila jiwe ni somo kwa yule mbwa, na mtihani wake ataufanya kwa mguu wa mtoto mwingine. Tuache. Ukikutana na mbwa aliyetoroka, usikimbie, maana mbwa huzaliwa akijua kukimbiza. Simama wima, usimkodolee macho, rudi nyuma polepole, na uweke mkoba wa vitabu kati yako naye. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku iyo hiyo upate chanjo, hata kama mwenye mbwa anaapa kwa jina la mama yake kwamba mbwa wake ni mzima. Usipakwe pilipili wala mafuta ya taa.

Mwisho, nawaomba wanachama wa Chama chetu cha Kiswahili tufanye jambo dogo lililo ndani ya uwezo wetu. Tumekuwa hodari wa kusahihisha sarufi ya vibao vya watu. Muhula ujao, tunapopita kuwashauri waongeze ile herufi M, tuwaombe pia watuonyeshe cheti cha chanjo na komeo la lango. Atakayekasirika tutamwaga kwa heshima na kwenda zetu. Atakayetukaribisha, huenda tukamkuta mbwa wake amelala kivulini bila mnyororo, akitutazama kwa utulivu, akiwaza kama sisi ni wateja au ni wezi, kama walivyowaza babu zake katika soko la Rottweil.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mbwa vivyo hivyo. Aliyemlea asijifiche nyuma ya bati.